Hussein Hegazi: Mmisri Aliyechagua Kitongoji

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Lakini mcheza ugenini je? Nani humtuza, naye humtuza nani? Suala hili hunijia kila nisomapo habari za marehemu Hussein Hegazi, mwana wa Misri, ambaye vijana wetu wengi hawamjui, ingawa wachezaji wa Ulaya wanawajua mmoja mmoja hata kwa namba za fulana zao.

Mimi kazi yangu ni kalamu na utungo, na chuoni nilifunzwa alifu na bee kabla sijajua kupiga mpira. Sidai ubingwa wa kandanda. Hata hivyo, maisha ya mtu huyu yana funzo lipitalo mipaka ya uwanja, nami namwomba msomaji anivumilie nimsimulie.

Hegazi alizaliwa Misri mwishoni mwa karne ya 19, katika jamaa ya watu wenye nafasi. Waingereza walikuwa wameikalia nchi hiyo tangu mwaka 1882, na askari wao walikuwa wakicheza gozi makambini. Vijana wa Kimisri waliwatazama, wakajifunza, kisha wakawakabili katika mchezo wao wenyewe. Miongoni mwa waliovuma mapema kwa jambo hilo alikuwa Hegazi, kijana mwepesi wa miguu na mwenye akili ya mchezo.

Mwaka 1911 alisafiri kwenda London kwa ajili ya masomo. Upande wa kusini wa mji huo kuna mahali paitwapo Dulwich, na hapo palikuwa na klabu iitwayo Dulwich Hamlet, ambayo tafsiri yake ni kitongoji cha Dulwich. Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1893 na bwana mmoja aitwaye Lorraine Wilson, kwa ajili ya vijana wa skuli ya mtaa ule. Wachezaji walimwita Pa, yaani Baba, na hakika alikuwa baba yao. Fulana zao zilikuwa za buluu na waridi. Hapakuwa na mshahara wala marupurupu. Kila mmoja alikuwa na kazi yake au masomo yake, na Jumamosi alikuja kucheza kwa mapenzi.

Huko ndiko Hegazi alikopokewa. Alikuwa Mwislamu kutoka nchi iliyotawaliwa, yuko katika mji mkuu wa watawala wake, naye akafanywa mmoja wao. Walimpachika jina la utani la Nebuchadnezzar, mfalme yule tumjuaye sisi wa chuoni kwa jina la Bukhtunasri. Mfalme huyo alikuwa wa Babeli, si wa Misri, lakini mashabiki wa mpira hawakujali jiografia. Walijali mabao, na Hegazi aliwapa mabao.

Sifa zake hazikukawia kufika mbali. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 1911, klabu ya Fulham, iliyokuwa daraja la pili la Ligi ya Uingereza, ilimwita achezee timu yao dhidi ya Stockport County. Alicheza, na bao akatia. Fulham walishinda 3 kwa 1. Magazeti yalimsifu, na Fulham wakamtaka tena.

Hapo ndipo penye kiini cha hadithi yangu. Bwana Wilson alipopata habari alimwendea Hegazi wakazungumza. Kijana alikuwa njia panda. Kwa upande mmoja, kulikuwa na umaarufu wa Ligi na halaiki ya watazamaji. Kwa upande wa pili, kulikuwa na watu wa kitongoji waliomfanyia wema alipokuwa mgeni. Hapakuwa na mkataba wa kumzuia wala sheria ya kumfunga. Angeondoka, hakuna ambaye angemshtaki. Hegazi alichagua kubaki Dulwich, na katika Ligi hakucheza tena baada ya mechi ile moja.

Najua wako watakaosema kwamba huo ulikuwa ujinga. Wengine watasema kwamba ni rahisi kwa mtoto wa tajiri kuacha donge. Lakini tuangalie vizuri: alichokiacha hakikuwa donge bali ni jina, na jina huwa gumu kuliacha kuliko fedha, hasa kwa kijana. Deni la fedha lina karatasi na mashahidi. Deni la ihsani halina, ndiyo maana mlipaji wake hujulikana utu wake.

Wala nisimfanye malaika. Baada ya kuichezea timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1914, alirejea kwao, na huko alihama zaidi ya mara moja baina ya Ahly na timu ya Mukhtalat, ile ambayo leo ni Zamalek. Mashabiki wa Cairo walishangilia na kununa kwa zamu. Basi funzo si kwamba mchezaji asihame kamwe. Funzo ni kwamba ahamaye au abakiye ajue ni nani aliyemshika mkono, asimsahau.

Nchi yake nayo ilivuna. Mwaka 1920 Misri ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika katika kandanda ya Olimpiki, naye Hegazi alikuwamo. Walifungwa na Italia 2 kwa 1. Miaka minne baadaye, mjini Paris, waliwapiga Wahungari 3 kwa 0, na bao moja lilikuwa la Hegazi, wakati huo mtu mzima aliyepita miaka 30. Mwaka huo huo wa 1924 Bwana Wilson aliaga dunia.

Klabu ya kitongoji ingali hai. Ilitwaa Kombe la Ridhaa la Uingereza mara nne, mwaka 1920, 1932, 1934 na 1937. Siku hizi wachezaji wake hupata ujira mdogo huku wana kazi zao nyingine. Mwaka 2018, kwa ugomvi wa ardhi, ilifungiwa uwanja wake mwezi wa Machi, na mashabiki wakaifuata ilikokwenda kucheza hadi iliporudi nyumbani Desemba. Wao pia hawakuwa na mkataba wa kuwafunga.

Nasi mitaani mwetu tunazo timu za namna hiyo, zenye mzee anayenunua mpira kwa pesa zake na kina mama wanaofua jezi. Watoto wetu wakifika mbali, na wafike. Ila wakumbuke ni nani aliyefua ile jezi ya kwanza. Mwenyezi Mungu amrehemu Hussein Hegazi.