James Starley na Magurudumu Mawili Yasiyopatana

James Starley alizaliwa tarehe 21 Aprili 1830 katika kijiji cha Albourne, kusini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima, naye mtoto akafundishwa kazi ya shamba. Lakini moyo wake haukuwa katika jembe, ulikuwa katika vyombo vya mafundi. Hata alipokuwa kijana akatoroka kwao, akaenda upande wa London, akapata kazi ya kutunza bustani ya John Penn, tajiri mwenye kiwanda cha mitambo ya meli.

Katika nyumba ile palikuwa na cherehani, kitu cha thamani kubwa siku zile. Cherehani ikaharibika, na mtunza bustani akaifungua, akaona ubovu wake, akaitengeneza. Bwana wake alipoona akili yake, akampeleka kwa watengenezaji wa cherehani. Mwaka 1861 Starley akahamia mji wa Coventry, akawa msimamizi wa mafundi.

Mwaka 1868 baisikeli moja ililetwa kiwandani kutoka Paris. Ilikuwa nzito, tena ilimtikisa sana mpandaji. Starley akaichunguza, na mwaka 1870 yeye na William Hillman wakatoa baisikeli mpya, iitwayo Ariel. Magurudumu yake yalikuwa ya chuma, yenye spoki nyembamba zilizokazwa. Mwaka 1874 akazipanga spoki zikipishana, ili zistahimili nguvu ya kukanyaga. Desturi hiyo ingaliko hata leo.

Lakini gurudumu la mbele la baisikeli zile lilikuwa kubwa mno, na watu wengi waliogopa kuanguka. Kwa ajili ya hao Starley akaunda magari ya magurudumu matatu na manne. Hapo akakutana na taabu nyingine: magari hayo yalisimama wima bila shida, lakini hayakukubali kwenda sawa.

Yasimuliwa kwamba siku moja mwaka 1877 alipanda gari pamoja na mwanawe William. Walikaa bega kwa bega, na kila mmoja alikanyaga pedeli za gurudumu la upande wake. Walipofika mlimani, kijana akakanyaga kwa nguvu zake zote, na mzee asiweze kumfuata. Gurudumu la kijana likatangulia, gari likapotoka, likawatupa wote wawili katika magugu yenye kuwasha kama upupu. Starley hakumkasirikia mwanawe, bali aliwaza juu ya kosa la gari.

Kosa lenyewe ni hili. Watoto wakipanga safu mkono kwa mkono na kugeuka, aliye nje hana budi kukimbia, na aliye ndani hupiga hatua fupi. Magurudumu nayo ni vivyo hivyo. Yakifungwa pamoja yasiachane, katika kona moja litaburuzwa na usukani utakuwa mzito. Kila moja likisukumwa peke yake, lenye nguvu litalishinda jingine.

Starley akaukata mhimili vipande viwili, na katikati akaweka magurudumu madogo yenye meno. Njia ikinyoka, meno hayo husukuma pande zote mbili sawasawa. Njia ikipinda, huzunguka na kulipa gurudumu la nje mwendo yaliolipunguzia la ndani. Mafundi wetu hukiita chombo hiki difu. Onésiphore Pecqueur wa Ufaransa alikuwa amekwisha kubuni chombo cha namna hiyo karibu miaka 50 kabla yake, lakini Starley ndiye aliyekitia katika magari ya kukanyaga.

Sifa za gari lake zikaenea, hata Malkia Victoria akaagiza mawili mwaka 1881. Mwaka huohuo, tarehe 17 Juni, Starley akafariki, umri wake miaka 51. Watu wa Coventry wakamjengea mnara mwaka 1884. Mwaka uliofuata John Kemp Starley, mtoto wa ndugu yake, akatoa baisikeli yenye magurudumu mawili ya kadiri moja na mnyororo wa nyuma, ambayo baisikeli za leo zafanana nayo.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kila lori lenye shehena lipindapo kona bila kuburuza magurudumu yake, kazi hiyo hufanywa na difu, chombo kilekile alichokiwaza Starley alipoanguka katika magugu.