Aya Moja kwa Siku: Funzo Kutoka kwa Krapf

Mamangu alifariki nikiwa Kidato cha Pili. Kila alfajiri nilifungua Biblia, lakini aya zilinipita tu kama maji juu ya jani la myugwa. Ndipo mwalimu wetu akatusimulia maisha ya Johann Ludwig Krapf.

Mjerumani huyu, aliyezaliwa mwaka 1810, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mjini. Kumbe msiba ulikuwa njiani! Mwezi Julai homa ikamuua mkewe, Rosine. Mtoto wao mchanga naye akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Je, alifunga virago? La hasha! Aliendelea, aya baada ya aya. Mwaka 1846 yeye na Rebmann wakafungua misheni Rabai. Alifariki kwao Ujerumani mwaka 1881, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882.

Tangu siku ile nasoma aya moja tu kila asubuhi, polepole, kama mtu anayeitafsiri. Machozi bado hunitoka, lakini sasa aya hainipiti. Nawe ndugu msomaji, hebu jaribu.