Abdus Salam

Abdus Salam (29 Januari 1926 – 21 Novemba 1996) alikuwa mwanafizikia wa nadharia kutoka nchi ya Pakistan. Mwaka 1979 alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Wamarekani Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kuonyesha kwamba kani ya sumakuumeme na kani nyuklia dhaifu ni pande mbili za kani moja. Anakumbukwa pia kama mwanzilishi wa Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia (kifupi: ICTP) mjini Trieste, Italia, ambacho kimewasaidia wanasayansi wengi wa nchi maskini, wakiwemo wa Afrika Mashariki.

Maisha ya awali

Salam alikulia katika mji wa Jhang, jimbo la Punjab, wakati Pakistan ilikuwa bado sehemu ya Uhindi chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa ofisa wa elimu. Akiwa na umri wa miaka 14, Salam alifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab akapata alama kubwa kuliko mtahiniwa yeyote aliyemtangulia. Aliporudi nyumbani kwa baiskeli, watu wa mji walitoka kumpokea.

Alisoma Government College mjini Lahore hadi mwaka 1946, kisha akapata ufadhili wa kwenda Cambridge, Uingereza, alikopata daraja la kwanza katika hisabati na fizikia mwaka 1949. Utafiti wake wa uzamivu ulihusu nadharia ya uga wa kwanta. Katika nadharia hiyo kila chembe, kama vile elektroni, huelezwa kuwa mtikisiko wa uga ulioenea kila mahali. Tatizo lilikuwa kwamba hesabu nyingi zilitoa majibu yasiyo na kikomo. Salam alitatua sehemu ngumu ya tatizo hilo, na kazi yake iliyochapishwa mwaka 1951 ilimfanya ajulikane kimataifa.

Kurudi Lahore

Mwaka 1951 alirudi nyumbani kufundisha hisabati. Huko hakuwa na watafiti wenzake wa fani yake, na ilikuwa vigumu kufuatilia yaliyokuwa yakigunduliwa kwingine. Chuoni alipewa pia kazi ya kusimamia klabu ya mpira wa miguu. Mwaka 1953 zilitokea ghasia mjini Lahore dhidi ya jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo yeye alikuwa muumini wake.

Mwaka 1954 alirudi Cambridge kuwa mhadhiri, na mwaka 1957 akawa profesa wa Imperial College, London. Kuondoka huko kulimsumbua maisha yake yote. Akibaki nyumbani, angeachwa nyuma na sayansi. Akiondoka, wanafunzi wa kwao wangekosa mwalimu. Aliazimia kutafuta njia ili vijana waliomfuata wasilazimike kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Kazi ya kisayansi

Kani ya sumakuumeme hufika mbali, lakini kani nyuklia dhaifu, inayosababisha aina fulani ya unururifu, haivuki kiini cha atomu. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba zina asili moja. Jibu lilipatikana kwa wazo lililotokana na mabadiliko ya hali maada. Chuma kilichopashwa moto hadi zaidi ya sentigredi 770 hupoteza usumaku wake, kwa kuwa sumaku ndogo za atomu zake huelekea kila upande bila mpango. Kikipoa, hujipanga kuelekea upande mmoja. Sheria za fizikia hazikupendelea upande wowote, ila hali ya chuma imevunja ulinganifu huo.

Salam na Weinberg, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba jambo kama hilo linatokea katika uga unaojaza ulimwengu. Kwenye joto kali sana la mwanzo wa ulimwengu kani hizo mbili zilikuwa moja. Ulimwengu ulipopoa ulinganifu ulivunjika: chembe za W na Z zikapata masi kubwa, fotoni ikabaki bila masi. Mwaka 1983 chembe za W na Z zilipatikana katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, zikiwa na masi ya takriban mara 86 na 97 ya protoni, karibu na ilivyotabiriwa.

Kituo cha Trieste

ICTP ilianzishwa mwaka 1964, na Salam akawa mkurugenzi wake hadi mwaka 1993. Mpango wake mkuu ulikuwa kwamba mwanasayansi wa nchi maskini abaki na kazi yake nyumbani, lakini aweze kwenda Trieste mara kwa mara kwa wiki au miezi kadhaa, akisome na kujadiliana na wenzake, kisha arudi kufundisha. Fedha zake za Tuzo ya Nobel alizitumia kwa ajili ya wanafizikia wa nchi zinazoendelea.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Salam alikuwa mjumbe wa Tume ya Nchi za Kusini, iliyoongozwa na Julius Nyerere na kutoa ripoti yake mwaka 1990.

Mwaka 2018 tawi la ICTP lilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mjini Kigali, kwa jina la Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi (EAIFR). Hufundisha fizikia kwa ngazi za uzamili na uzamivu. Kwa wakazi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam: barabara kutoka Lusahunga wilayani Biharamulo hupita Ngara na kuingia Rwanda kwenye daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1974 Bunge la Pakistan lilitangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Salam alijiuzulu ushauri wake wa serikali, lakini hakuacha uraia wa Pakistan. Alifariki Oxford baada ya kuugua ugonjwa wa neva kwa miaka kadhaa, akazikwa Rabwah, Pakistan. Baadaye neno "Mwislamu" katika maandishi ya kaburi lake lilifutwa kwa amri ya hakimu. Mwaka 1997 kituo cha Trieste kilipewa jina lake.