John Wesley na Paundi 28

Katika toleo hili la kumbukumbu Kamati imetuomba sisi walimu tuandike maisha ya mtu aliyejulikana kwa ukarimu. Tumemchagua John Wesley wa Uingereza, ambaye kazi yake ilizaa Kanisa la Methodisti, lile ambalo wengi wetu tuliliona kule Katanga na Burundi. Hatukumchagua kwa ajili ya dhehebu lake, maana humu kambini tunasali katika madhehebu mengi. Tulivutwa na jambo moja: alitoa kwa hesabu, na alianza kutoa alipokuwa na kidogo.

Alizaliwa Juni 1703 katika kijiji cha Epworth. Baba yake, kasisi, alikuwa na watoto wengi na madeni mengi, hata mwaka 1705 akafungwa gerezani Lincoln kwa kushindwa kulipa. Usiku mmoja wa Februari 1709 nyumba yao iliteketea. John, mwenye miaka 5, alibaki ghorofani. Watu wakapandiana mabegani, wakamtoa dirishani, na mara paa likaporomoka. Watoto wakagawanywa kwa majirani na jamaa mpaka nyumba ilipojengwa upya. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa hali hiyo ilivyo.

Alisoma Oxford, akawa mwalimu huko huko. Siku moja ya baridi kali alijiwa na msichana wa shule ambayo yeye na wenzake waliigharamia, naye amevaa kigauni chepesi cha kitani tu. Wesley akatia mkono mfukoni, akakuta karibu hakuna kitu: fedha zake alikuwa ameshazitumia kupamba kuta za chumba chake kwa picha. Jambo hilo lilimchoma miaka mingi, akalisimulia hata uzeeni.

Basi akajiwekea kipimo. Mwaka wa kwanza alipata paundi 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili alipata 60, akaishi kwa 28 zile zile, akatoa 32. Wa tatu alipata 90, akatoa 62. Wa nne 120, akatoa 92. Ni hesabu ya kutoa ya darasa la tatu, lakini sisi watu wazima inatushinda, kwa kuwa kipato kikiongezeka kidogo tu, mahitaji nayo hukimbia mbele yake. Baadaye vitabu vyake vilimletea fedha nyingi zaidi, naye akazitoa. Mwaka 1746 aliacha hata chai ili gharama yake iwafae maskini, mpaka baada ya miaka mingi daktari alipomshauri airudie. Wakusanya kodi walipomuuliza mwaka 1776 juu ya vyombo vyake vya fedha, alijibu kwamba anavyo vijiko viwili London na viwili Bristol, wala hatanunua vingine wakati watu wanaomzunguka wanakosa mkate.

Kwake kutoa kulikuwa ibada. Alifundisha kwamba kumtembelea mgonjwa na kumlisha mwenye njaa ni njia za neema, kama sala na Meza ya Bwana, na kwamba ni heri mtu aende mwenyewe kuliko kutuma. (Hatusemi alikuwa malaika. Ndoa yake ya mwaka 1751 haikuwa na amani, na mtu wa safari za farasi mwaka mzima nyumbani huonekana mara chache.)

Kina mama wanaochangishana kwa zamu humu kambini watapenda habari hii. Mwaka huo huo wa 1746 alikusanya London paundi 50 za kukopesha. Mtu alikopa hadi shilingi 20, akalipa kidogo kidogo kwa miezi 3. Fungu hilo liliwasaidia watu zaidi ya 250. Baadaye mshona viatu James Lackington alikopa humo paundi 5, akakuza biashara ya vitabu iliyokuja kuwa kubwa sana London.

Lakini linalotugusa zaidi sisi tunaopanga foleni, na pengine ndugu zetu wanaogawa, ni kanuni alizowaandikia wagawaji wake mwaka 1747. Aliwaagiza kwamba wasipokuwa na cha kumpa maskini, wasimwongezee huzuni. Wampe neno la upole, wasimkunjie uso wala kumkaripia, ili afurahi kuja hata kama ataondoka mikono mitupu. Kila mgawaji ajiweke mahali pa yule aliyesimama mbele yake. Sisi tunajua kwamba kilo zikipungua mtu huvumilia, ila neno la dharau hubaki moyoni mwaka mzima.

Januari 1785, akiwa na miaka 81, alizunguka mitaa ya London kwa miguu akiomba fedha za kuwavika maskini. Theluji iliyoyeyuka ilifika kwenye vifundo vya miguu, naye alishinda ndani yake tangu asubuhi hadi jioni. Alipata paundi 200, na mwisho wa juma akaugua.

Daftari lake la matumizi aliliandika hadi Julai 1790. Alifariki tarehe 2 Machi 1791. Kwa wosia wake hakukuwa na gari la maiti: jeneza lilibebwa na maskini sita, na kila mmoja akalipwa shilingi 20.