Padri Pierre Maillard, Mtume wa Wami'kmaq

Padri Pierre Maillard alizaliwa Ufaransa yapata mwaka 1710. Katika mwaka 1735 alitumwa ng'ambo ya bahari, kwenye kisiwa kiitwacho leo Cape Breton, mashariki ya Kanada. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wami'kmaq. Zamani hizo walikuwa wavuvi na wawindaji. Wakati wa joto walikusanyika kando ya maji. Wakati wa baridi kali walitawanyika misituni, kila jamaa upande wake, wakifuata wanyama.

Tangu mwaka 1713, Waingereza walipopewa nchi ya bara, wakuu wa Kifaransa walifanya shauri la kuwahamishia Wami'kmaq wote kisiwani. Walitaka wakae kijiji kimoja, walime, na kuwa askari wao karibu na boma la Louisbourg. Baadaye misioni iliwekwa Malagawatch, kando ya ziwa la Bras d'Or. Lakini wenyeji waliijua nchi yao kuliko wageni: nyama ya kisiwa isingetosha kulisha watu wote mahali pamoja. Basi wengi walikataa kuhama.

Padri Maillard alianza kwa kujifunza lugha yao, hata akaisema vizuri sana. Katika miaka ya 1737 na 1738 alizipanga na kuziongeza alama zilizotumika kabla yake, akaandika kwazo sala na katekisimu. Hivyo kila jamaa iliweza kuchukua sala zake msituni. Baadaye aliihamishia misioni kwenye kisiwa kidogo katika ziwa lilo hilo, mahali pa kukutania.

Maisha yake hayakukosa vita. Alisimama pamoja na Wafaransa na Wami'kmaq juu ya Waingereza. Mwaka 1745 alikamatwa na kufukuzwa nchini, akarudi mwaka uliofuata. Louisbourg ilianguka mwaka 1758. Watu walikuwa na njaa, na mwaka 1759 Padri akakubali amani. Wafaransa wengine walimlaumu vikali, lakini yeye alikwenda Halifax, mji wa adui wa jana, akawasaidia wakuu wa Wami'kmaq kufanya mapatano. Tarehe 25 Juni 1761 alikuwa mkalimani wao, silaha ya vita ilipozikwa ardhini.

Alikufa huko Halifax tarehe 12 Agosti 1762. Hapakuwa na padri mwenzake. Mchungaji wa Kianglikana ndiye aliyemsomea sala.

Baada yake Wami'kmaq walikaa muda mrefu pasipo padri wa kudumu. Hata hivyo imani haikuzimika. Wazee waliwakusanya watu, wakasoma zile alama na kuwafundisha watoto. Shauri la wakuu la kukusanya watu wote halikutimia; lakini hata leo, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Anna, tarehe 26 Julai, Wami'kmaq huja kwa hiari yao kusali katika kisiwa kile kidogo.