Otto Kretschmer: Nahodha wa nyambizi aliyepenya katikati ya msafara

Kama umewahi kucheza Silent Hunter au UBOAT, huu ujanja unaujua. Usiku ukiingia, usipige mbizi. Baki juu ya maji, upite mbele ya msafara wa meli, penya katikati ya safu, halafu tumia torpido moja kwa kila meli. Kijana wa Ukunda anayekesha kwenye laptop anajua hii mbinu inalipa. Lakini ukimuuliza nani aliifanya kwa ukweli, wengi watakuangalia tu. Jamaa aliitwa Otto Kretschmer, na vita alivyopigana vilikuja kufika hadi hapa kwetu, mlango wa Kilindini.

Kretschmer alizaliwa tarehe 1 Mei 1912, Silesia, sehemu iliyokuwa Ujerumani na sasa iko Poland. Akiwa kijana wa miaka 17 hivi alikaa miezi kadhaa Exeter, Uingereza, akajifunza Kiingereza. Shikilia hapo, hiyo lugha itakuja kumfaa. Mwaka 1930 akajiunga na jeshi la majini la Ujerumani, na baada ya miaka michache akahamia nyambizi.

Hakuwa mtu wa maneno. Manahodha wenzake walikuwa wakituma ujumbe wa redio kila mara kujulisha makao makuu walipo. Yeye alinyamaza. Ndiyo maana akaitwa Otto Kimya. Kunyamaza hakukuwa tabia tu, ilikuwa akili pia, manake redio ikilia, adui naye anasikia.

Mwaka 1940 akapewa nyambizi U-99, ambayo kwenye mnara wake ilibeba alama ya kiatu cha farasi cha rangi ya dhahabu. Hapo ndipo jina lake lilipopanda. Mafunzo ya wakati ule yalisema nahodha akae mbali, nje ya manowari zinazolinda msafara, arushe torpido kadhaa kwa pamoja akitumaini moja itapata. Kretschmer aliona huo ni ubadhirifu. Nyambizi yake ilibeba torpido zisizozidi 14 hivi, na zikiisha unarudi nyumbani.

Sasa sikiliza kwa nini mbinu yake ilifanya kazi. Nyambizi za zama zile zilikuwa za dizeli na betri. Chini ya maji zilikuwa goigoi, ila juu ya maji U-99 ingeweza kwenda noti 17 hivi, wakati msafara wa polepole wa meli za mizigo ulikwenda noti 7 au 8. Pili, Waingereza walitegemea sona, chombo kinachotafuta kitu kilichozama. Nyambizi inayoelea ilikuwa vigumu sana kwa sona kuipata, na kwa macho, usiku, ni kipande kidogo cheusi tu juu ya mawimbi. Tatu, manowari za ulinzi zilikaa pembeni zikitazama nje. Hakuna aliyetarajia mwizi awe tayari amekaa sebuleni.

Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Oktoba 1940 ndio unaosimuliwa hadi leo. Msafara SC 7 ulikuwa umetoka Kanada na meli 35 kuelekea Uingereza. Nyambizi kadhaa za Ujerumani zikauvamia kwa pamoja, Kretschmer akaingia ndani ya safu zenyewe. Peke yake alizamisha meli sita. Msafara mzima ulipoteza meli 20. Mwezi uliofuata akazamisha meli mbili kubwa za abiria zilizogeuzwa kuwa za kivita, Laurentic na Patroclus. Serikali ya Hitler ikammwagia nishani.

Kuna jambo moja ambalo gemu haikuonyeshi. Kretschmer mara nyingine alisogea kwenye mashua za walionusurika, akawapa blanketi au chakula, akawaelekeza pwani iko wapi. Usinielewe vibaya, yeye ndiye aliyewazamisha, na alikuwa akiutumikia utawala katili. Lakini alizijua nyuso zao. Sisi kwenye skrini tunaona namba ya tani ikipanda.

Bahati yake iliisha Machi 1941. Alivamia msafara HX 112, akazamisha meli tano. Usiku huohuo rafiki yake Joachim Schepke, nahodha wa U-100, aligunduliwa kwa rada akiwa juu ya maji. Manowari Vanoc ikamgonga, akafa. Hapo ndipo ule ujanja wa usiku ulipoanza kuchuja, manake rada haijali giza. Ukicheza ukafika mwaka huo na kuendelea, ukaona manowari zinakujia moja kwa moja gizani, sasa unajua sababu.

U-99 ilikuwa imemaliza torpido na inarudi nyumbani ilipokutana na manowari. Ikazama chini, lakini manowari Walker, ya nahodha Donald Macintyre, ikaipata kwa sona na kuirushia mabomu ya chini ya maji. Ilishuka kina cha kutisha, ikalazimika kupanda juu ikiwa haiwezi tena kupigana. Hapo ndipo Kiingereza cha Exeter kilipofaa: Kretschmer alitumia taa ya ishara kuwaomba Waingereza wawaokoe watu wake. Wengi waliokolewa. Watatu walikufa, mmoja wao mhandisi aliyerudi ndani kuhakikisha nyambizi inazama isitekwe. Macintyre akachukua darubini ya Kretschmer na kuitumia vitani.

Vita viliendelea miaka minne zaidi, na katika vita hivyo hakuna nahodha mwingine wa nyambizi aliyefikia hesabu yake ya tani za meli. Yeye alikuwa kifungoni, sehemu kubwa ya muda huo Bowmanville, Kanada.

Akiwa huko ndani, vita vya nyambizi vilipamba moto Bahari ya Hindi. Tangu 1942 Kilindini ilikuwa kambi ya meli za kivita za Uingereza. Ukivuka na feri Likoni ukienda mjini, maji unayoyaona ndiyo yaliyojaa manowari. Mwanzoni mwa Februari 1944, msafara KR 8 ulitoka hapo kwenda Colombo. Ndani ya meli Khedive Ismail kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki na wauguzi wa kike.

Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliwavizia. Huyu hakutumia mbinu ya Kretschmer. Alishambulia mchana, akiwa chini ya maji. Torpido mbili zilitosha. Meli ilizama ndani ya dakika mbili hivi, wakafa karibu watu 1,300. Manowari za ulinzi ziliifukuza I-27 kwa mabomu, na mengine yalilipuka mahali ambapo walionusurika walikuwa wakiogelea. Mwishowe I-27 nayo ikazamishwa.

Kretschmer aliachiwa Desemba 1947. Mwaka 1955 akarudi kwenye jeshi la majini la Ujerumani Magharibi, akafanya kazi NATO pamoja na waliokuwa maadui zake, akastaafu 1970 akiwa admirali. Macintyre alimrudishia ile darubini. Alifariki tarehe 5 Agosti 1998, baada ya ajali akiwa kwenye safari ya boti, Mto Danube, akisherehekea ndoa yake.

Kwa hivyo yeye tunamjua tarehe ya kuzaliwa, rangi ya alama ya nyambizi yake, hata lakabu. Askari wetu waliopanda meli Kilindini wanakumbukwa kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Ukipita huko siku moja, simama uwaangalie. Halafu ukirudi kwenye gemu yako na kuona meli ya abiria kwenye periskopu, utakuwa unajua nani alikuwa akipanda hizo.