Kanali wa Kuku na Vibanda vya Malaba

Afikaye Malaba au Busia, kabla hajamwona afisa wa forodha, amekwisha kuuona moshi wa meko. Hapa ugali kwa kuku, pale rolex, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati. Sisi wanaisimu twalipenda neno hilo: ni Kiingereza cha mayai ya kuviringishwa kilichopita katika ndimi za Waganda hadi kikafanana na jina la saa ya Uswisi. Jina limevuka mpaka, lakini hakuna mpishi anayelipwa kwa ajili yake.

Wanafunzi wangu wanaosifu kuku wa KFC hudhani yule mzee wa ndevu nyeupe pichani ni mtu wa kubuniwa na watangazaji. La hasha! Aliishi, tena alikuwa mpishi wa kando ya barabara.

Harland Sanders alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890 katika jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitano tu. Mama akaenda kutafuta kibarua, naye Harland akabaki jikoni kuwapikia wadogo zake. Shule aliiacha mapema. Alilima mashamba ya watu, akawa askari, akachochea moto katika magarimoshi, akauza bima. Kazi moja baada ya nyingine ilimponyoka.

Mwaka 1930 alikuwa akiendesha kituo cha petroli huko Corbin, jimbo la Kentucky. Wasafiri walikuja na njaa, akawakaribisha kwenye meza yake mwenyewe ya chakula. Sifa zikaenea, na 1935 gavana akamtunukia cheo cha heshima cha Kanali. Taabu ilikuwa muda, kwani kuku wa kikaangoni alichukua nusu saa, na msafiri hana subira. Mwaka 1939 akaanza kutumia sufuria ya kufungwa, ipikayo kwa nguvu ya mvuke. Mwaka uliofuata akakamilisha mchanganyiko wake wa viungo 11.

Kisha barabara ikamhama. Barabara kuu mpya ilipangwa kupita kando ya Corbin, na 1956 akauza mkahawa wake kwa hasara. Umri wake ulikuwa miaka 65, na malipo ya uzeeni dola 105 kwa mwezi. Tayari mwaka 1952 alikuwa amekubaliana na Pete Harman wa Salt Lake City auze kuku kwa mapishi yake. Sasa akatia masufuria na viungo garini, akazunguka mkahawa hadi mkahawa. Aliyeridhika na mapishi alimlipa senti chache kwa kila kuku. Kufikia 1964 mikahawa ilizidi 600, naye akaiuza kampuni kwa dola milioni 2. Alifariki tarehe 16 Desemba 1980. Jina lake lilifika Nairobi mwaka 2011.

Simfanyi Kanali mtume. Baada ya kuuza kampuni alilalamika hadharani kwamba mchuzi wake umeharibiwa, lakini hakuwa na mamlaka tena. Na Januari 2022 mikahawa hiyo nchini Kenya iliishiwa na vibanzi kwa kuwa viazi viliagizwa kutoka ng'ambo, ilhali wakulima wa Nyandarua wanavyo tele.

Hata hivyo, maisha yake yanatuhusu hapa mpakani. Kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018, nia ilikuwa malori yasilale njiani. Ni jambo jema kwa taifa, lakini dereva asiyelala ni dereva asiyekula. Mama wa kibandani naye aweza kuhamwa na barabara. Siku hiyo atabaki na nini? Sanders alibaki na vipimo, jina na makubaliano. Maarifa ya mama zetu kuhusu kuku wa kienyeji hayapungui yake, ila yamo mikononi mwao tu, hayajaandikwa popote.

Walimu wenzangu, badala ya insha nyingine kuhusu siku isiyosahaulika, watumeni wanafunzi vibandani wakiwa na daftari. Waandike kwa Kiswahili sanifu: kiasi gani, muda gani, kiungo gani, na mpishi ni nani. Wakimaliza, daftari libaki kwa mama mwenyewe, si kwa mwanafunzi, wala kwa mhadhiri kama mimi.